Kiti cha Mbele cha Treni ya Mbao

Mwaka ule poloni, ile soseji nene ya kulia mkate, ilipoua watu ikaondolewa madukani, sisi wa mtaa wa Yeoville tulikula mkate na maharage mpaka watoto wakanuna. Siku moja ya mwaka huo nilikataa kitu nilichokitamani mno. Kaa, mwanangu, nikueleze.

Nilipokuwa bibi-arusi, mume wangu Kalonda alikuwa seremala kwenye bustani ya michezo, kusini mwa mji. Alitunza ile treni inayopanda juu na kuporomoka watu wakipiga kelele. Jukwaa lake lote lilikuwa mbao. Na mbao ina tabia kama mama mkwe: mvua ikija inavimba, baridi kavu ya Juni ikija inasinyaa, misumari inalegea. Kila asubuhi Kalonda aligonga, leo akabadili ubao huu, kesho ule, hata jukwaa la zamani likabaki umbo tu.

Asubuhi moja nilimpelekea bukari na sombe, ugali wetu na kisamvu, nikarukia kiti cha mbele. Treni ilikuwa haijazunguka bado tangu igongwe. Mkuu wa mafundi, mzee wa Kizulu tuliyemwita Mkhulu, akanidaka mkono.

"Bibi-arusi, shuka! Hapa aliyepiga msumari anapanda kwanza."

"Mimi ni mke wake!"

"Basi msubiri. Umependeza, lakini hujapiga hata mmoja."

Mafundi wakacheka, nikavimba kuliko mbao. Kalonda akaja, akajipangusa mikono, akakaa, akanionyesha nafasi kando yake. Tulipoporomoka nilimng'ang'ania nikalia kwa raha.

Kalonda sasa yuko makaburini. Mwaka ule wa poloni treni ilikuwa ivunjwe, wenye bustani wakatuita wajane wa mafundi tupande mara ya mwisho. Nilivaa kitenge changu cha harusi. Nilikitaka kile kiti, mwanangu. Nyumbani kitanda kimekuwa kipana mno.

"Karibu, Gogo," alisema kijana wa mlangoni, akiniita bibi kwa Kizulu. "Iko salama, sharp."

"Nani kaigonga?"

"Mafundi. Walimaliza jana."

"Wameipanda?"

"Eish, Gogo, wale? Wamekwenda zao."

"Sipandi bila aliyepiga msumari."

Mjukuu wangu Neema akanivuta. "Bibi, aibu! Watu wanatuangalia!" Nikamshika na yeye asipande, akaninunia mpaka Yeoville. Treni ilikwenda, ikarudi salama, wajane wenzangu wakicheka. Mimi nilikuwa kwenye uzio, peke yangu, nakitazama kiti cha mbele kikipita kitupu. Baadaye mbao zikauzwa, kuni za kuchomea nyama.

Sijuti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na aliyekutandikia akikataa kukilalia, wewe unakimbilia nini? Akija mtu na ndoa, na kazi ya mbali, na utajiri wa haraka, mwambie atangulie kukaa. Akisita, shuka. Utabaki mpweke, sikufichi. Lakini mpweke anakula, analala, anaamka.

Mungu akupe wa kukaa kando yako, na misumari yenu isilegee kwa mvua wala kwa baridi.

Mimi, kila Krismasi wajukuu wananiita twende kwenye treni mpya ya chuma. Jibu langu wanalijua:

"Sipandi bila aliyepiga msumari."