Gari Lililoshushwa Kabondo

Niliondoka Goma kwenda Kisangani kwa sababu ya pikapu ya marehemu baba. Lakini hasira yote ilianzia kwenye neno moja nililolisema mwenyewe redioni, kwa hiyo nianze na hilo.

Wakati ule wa vita barabara ya Kisangani ilikuwa imekufa na simu hakuna. Mtu akitaka kusema na nduguye alikwenda kwenye fonie, ile redio ya kuitana, akapanga foleni na kuzungumza mambo ya nyumbani kwake mbele ya watu wote, mbiombio, mashine ikikoroma. Mdogo wangu Kambale alikuwa amebaki Kisangani peke yake, katika nyumba ya baba pale Kabondo. Nyuma ya nyumba pikapu ndogo ya Kijapani ilikuwa imepandishwa juu ya matofali tangu mapigano yalipoingia mjini, magurudumu yamefichwa darini, ili wanajeshi wasiichukue. Ndiyo mali pekee ya baba iliyosalia. Nilitaka kupeleka maharage huko kwa ndege na kurudi na mchele wa Lubunga, ng'ambo ya mto, ili mama yetu, niliyeishi naye Goma, aache kulala na mawazo. Bila gari, mpango huo ulikuwa maneno matupu.

Kambale, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, akaniambia kwenye fonie, "Yaya, naomba ruhusa nishushe gari." Nikafurahi. Nikajibu kwa sauti ya kusikika foleni nzima, "Shusha! Shusha hata leo." Baadaye akarudi hewani, "Imeshuka, yaya. Iko chini kabisa." Nikaelewa kwamba ameitoa juu ya matofali. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa hivyo.

Asubuhi ya safari nilipanda ndege ya mizigo. Hapakuwa na viti. Abiria tulikaa juu ya magunia, kabichi za mtu mwingine zikitubingirikia miguuni kila ndege ilipoinama. Chini yetu msitu ulikuwa mmoja tu, bila nyumba wala njia. Nilimwomba Mungu atufikishe, kisha nikaanza kupiga hesabu ya safari ambazo pikapu ingefanya kati ya mto na uwanja wa ndege.

Simi-Simi, uwanja wa ndege wa Kisangani, tulipotua, wingu la mvua lilikuwa limeshafika. Maharage yangu yalishushwa majanini, na wanajeshi wawili wakaanza kuyazunguka, mikono nyuma. Nilitafuta pikapu nyeupe ya baba. Badala yake nikaona kitu cha zambarau kinakuja polepole, kimelala chini kama bata. Magurudumu yake yalikuwa yamemezwa na bodi. Mistari ya pinki na kijani cha bahari ilipita ubavuni kama radi, vioo vilikuwa vyeusi, na nyuma, pale magunia yanapokaa, palikuwa na kasha la mbao lenye spika kubwa nne. Kambale akateremka akitabasamu. Alikuwa amenyoa vizuri kwa ajili yangu.

"Karibu, yaya. Unaonaje?"

"Hii ni nini?"

"Gari ya papa. Si ulisemaka nishushe?"

Sikujua kama nilie au nimpige. Nilimwambia maneno ambayo dada hapaswi kumwambia mdogo wake mbele ya watu: kwamba ni mjinga, kwamba ameua gari la watu, kwamba baba angemlaani. Tulipakia magunia mawili tu, na hapo hapo magurudumu yakaanza kusaga bodi, harufu ya mpira ikatoka. Mengine yakabebwa na toleka, zile baiskeli za kukodi ambazo kwa vita hivi ndizo zimekuwa malori ya mji. Mmoja wa waendeshaji akaniuliza kwa upole, "Mama, gari yako iko mugonjwa?" Wenzake wakacheka njia nzima. Watu husema hasira hasara. Siku ile nilikuwa tayari kwa hasara yoyote.

Kabondo, jioni, Kambale alinionyesha chanzo cha balaa. Ukutani alikuwa amebandika kurasa za gazeti la magari la Ulaya, la miaka michache kabla ya vita. Zilionyesha pikapu ndogo za bei rahisi, zimeshushwa hadi karibu na lami, zimepakwa rangi za peremende, vijana wa Kizungu wamesimama kando yake wakiwa na miwani. Alizitazama kurasa hizo kila siku ya vita, alisema, hata zile siku za kulala chini ya kitanda mabomu yakipita juu ya paa. Rangi ya zambarau aliipata kwa kuchanganya mabaki ya rangi ya kanisa na ya mtumbwi wa injini. Mbele alilegeza boliti mpaka pua ikashuka. Nyuma alitoa vile vyuma virefu vya springi vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, wenyewe huviita malame, akabakiza vichache. Niseme ukweli: mistari ya rangi ilikuwa imenyooka sawasawa. Hilo liliniudhi zaidi. Mikono ya namna hiyo, na kazi yenyewe ndiyo hii!

"Kesho unarudisha hayo malame," nikamwambia. "Gari ipande."

Akatazama chini. "Yaya, malame haiko tena. Nilipatiaka papa Ramazani, juu ya kazi alinisaidiaka."

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwa papa Ramazani, mhunzi aliyetoka Maniema zamani, mwenye kibanda nyuma ya soko. Alikuwa akifua chuma chekundu. Alinipa kiti, akaniuliza hali ya Goma, na mimi sikuwa na subira ya salamu.

"Papa, nimekuja kuchukua vyuma vyangu."

"Ah, mama. Ile ilishakuwaka majembe."

Majembe! Alinieleza kwamba tangu vita, jembe halifiki Kisangani kwa njia yoyote, na watu wote wanalima: walimu, makarani, hata masista, kila uwanja mtupu umepandwa mihogo. Chuma cha springi ndicho kizuri kwa jembe, kwa hiyo hakuna lame iliyobaki katika mji mzima, hata kwenye malori yaliyoungua. Vyuma vya baba vilikuwa vimekwenda ng'ambo, Lubunga. Nikamwambia Kambale anipeleke huko. Akili ilikuwa inaniambia maji yakimwagika hayazoleki, lakini miguu ilikuwa imeshaanza safari.

Mchana tulivuka mto kwa mtumbwi. Kambale alitazama maji upande mmoja, mimi upande mwingine, mpiga kasia akatuangalia kwa zamu. Tulipanda ukingo wa Lubunga, tukafuata reli iliyoota nyasi, hadi kwenye shamba la mama mmoja aitwaye Mama Vero. Kambale alimfahamu. Mama huyo alikuwa ameinama kwenye matuta ya mihogo, mtoto mgongoni, na mkononi alikuwa na jembe jembamba, jeusi. Kwenye kona ya jembe bado lilionekana tundu la boliti ya springi.

"Mama," nikasema, "hicho chuma ni cha gari la baba yangu. Kilitolewa bila mimi kujua."

Hakuinuka. Alilima tuta mpaka mwisho ndipo akanijibu.

"Bon. Kumbe iko yako. Na ukiikamata, utairudisha ndani ya gari namna gani?"

Nililitazama lile tundu. Akaendelea:

"Gari yako inakulaka nini, mama?"

"Haili kitu."

"Alors, basi? Sisi tunakulaka." Akarudi kulima.

Nilisimama pale. Nilimkasirikia yule mama kwa sababu alikuwa na haki, nikamkasirikia Kambale kwa sababu alikuwa kijana, na baba kwa sababu alikufa. Tulirudi kwenye mtumbwi mikono mitupu. Usiku huo sikula, ingawa Kambale alinipikia mwenyewe samaki na pondu ya majani ya mihogo, akaniwekea mlangoni, akaondoka bila kugonga.

Siku ya tatu asubuhi, kabla sijapiga mswaki, wanajeshi waliingia mtaani. Walikuwa wale walioshika mji wakati huo. Wangekuja wengine mambo yangekuwa vilevile. Walitaka magari ya kwenda msituni kwenye mapigano. Jirani yetu, papa Luka, mzee mwenye pikapu kama ya baba lakini iliyo wima na nzima, alitolewa nyumbani akiwa amejifunga taulo. Alipiga magoti. Wakaondoka na gari lake bila hata kumwuliza kama kuna kitu ndani. Walichukua na lori la mkate, na gari la mwalimu mmoja lililokuwa linasukumwa kila asubuhi.

Kisha wakaja kwetu. Mmoja aliingia kwenye pikapu ya zambarau, akaiwasha, akatoka nayo kwa kasi. Langoni kuna mfereji wa maji uliofunikwa kwa mbao. Mbao zikavunjika, gari likashuka hapo na tumbo lake likakaa, magurudumu yakazunguka hewani. Wakasukuma. Wakainua. Likatoka kidogo, likakaa tena.

Mkubwa wao akaja kuangalia. "Nani aliharibu hii gari?"

"Ni mimi, chef," Kambale akasema.

"Wewe iko mujinga. Umeua gari ya watu." Akampiga kofi, kisha jingine, mpaka damu ikatoka puani. Nilisikia maneno yangu mwenyewe ya Simi-Simi yakitoka katika kinywa cha yule mtu, na nikamchukia kwa nguvu ambazo sikujua kama ninazo. Wakatuachia gari pale pale mferejini, wakaenda zao.

Walipokwisha kuondoka, majirani walikuja kulitazama. Papa Luka, bado na taulo lake, alinishika mkono. "Mama Masika, nyinyi mulikuwa na akili. Mimi nilichungaka gari yangu muzuri, angalia sasa."

Nilimgeukia Kambale, aliyekuwa akifuta matope kwenye rangi kwa shati lake.

"Ulijua watafanya hivi?"

"Hapana, yaya."

"Basi kwa nini uliishusha?"

"Nilitaka tu kitu moja ikuwe muzuri."

Nilimfuta damu. Sikumwambia samahani, sikuweza. Nilimwambia tu aketi. Jioni tulilitoa gari mferejini na majirani, tukalirudisha nyuma ya nyumba. Papa Luka alisukuma pia.

Nilirudi Goma kwa ndege ileile, na gunia moja tu la mchele nililonunua kwa pesa za maharage, lililobebwa na baiskeli hadi uwanjani. Nimejifunza nini? Nilifundishwa tangu utoto kwamba chombo kizuri hutunzwa ili kidumu. Huko nilikokwenda kitu kizima ni cha mwenye bunduki, na mwenye kukitunza anamtunzia yeye. Somo hilo linanichoma, na sitaki mtu alisifu kuwa ni ujanja wa maisha.

Mama alinipokea mlangoni. Hakuuliza habari za maharage.

"Gari ya papa yenu ingaliko?"

"Ingaliko, mama."

"Inabeba nini sasa?"

"Haibebi kitu," nikamwambia. "Ndiyo maana ingali yetu."