Chatu Aliyelala Juu ya Jiwe la Moto

Ndugu msomaji, ukitaka kunicheka, ngoja kwanza nimalize. Wazazi wetu walipokufa niliacha shule, nikaenda kumtunzia Mbelgiji mmoja nyumba yake hapa Uvira, pamoja na chatu aliyemfuga ndani ya sanduku lenye balbu ya kumtia joto. Waasi walipokaribia, Mbelgiji alikimbilia Burundi. Umeme nao ukakatika.

Niliogopa chatu atakufa kwa baridi. Kwetu Lemera, milimani, mtoto mchanga hupashwa joto kwa jiwe la moto lililofungwa nguo. Nami nikamwekea chatu jiwe, ila nguo niliiona ni anasa kwa mnyama. Akajizungusha juu yake, akatulia. Nikajiona fundi!

Waasi walipokuja kumchukua mdogo wangu Bahati akapigane, niliwaambia chatu wetu ana dawa: analala juu ya moto bila kuungua, na Bahati akiondoka dawa inakufa. Waliogopa, wakaenda zao.

Kesho yake walirudi na mkubwa wao.

"Yaya, hata minye niko nataka kuona hiyo dawa," akasema, akiniita yaya kama mtu anavyomwita nduguye mkubwa, akamnyanyua chatu kwa mikono yake.

Chatu hakujitikisa. Ngozi ya tumbo ilibaki kwenye jiwe, na harufu ya nyama iliyoiva ikajaa chumbani. Mtoto akiungua hulia. Chatu alikuwa amenyamaza tu.

Mkubwa alinitazama. "Yaya, weye ulimupika."

Vijana wake wakaangua kicheko. Bahati alikuwa ameshaanza kuvaa viatu.