Uso wa Mama Bustanini Kisii

Sikumbuki kumwona mama kwa macho. Surua ilinipofusha kabla sijajua kusema sentensi nzima, kwa hiyo mama nilimjua kwa vidole: kovu lililovimba kwenye shavu la kushoto, pale alipounguzwa na uji akiwa msichana, na mdomo wa juu mnene, uliotangulia kila alipocheka. Alipokufa, mdogo wangu alikuwa bado anatambaa. Picha hatukuwa nayo. Mpiga picha alikuwa mjini Kisii, na mama mjini alikwenda kuuza ndizi, si kujipamba.

Mdogo wangu huyo akakua, akawa mchongaji. Kwetu Tabaka jiwe la sabuni, lile laini la kuchonga, ni kama shamba la pili. Wanaume huchimba na kuchonga. Sisi wanawake tunakaa na karai la maji, tunapiga msasa mpaka jiwe lilainike. Watu walinihurumia kwa kila kitu isipokuwa msasa. Hapo walinyamaza! Mkwaruzo ambao wenye macho waliupita, kidole changu kiliukuta, na niliwarudishia kazi yao bila kuomba radhi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, kamati ya bustani ya mji ilimwagiza sanamu kubwa ya mama wa Kigusii, ameketi, mkungu wa ndizi mapajani. Alinijia akihema kama aliyefukuzwa. "Dada, nitamchonga mama yetu. Simkumbuki hata kidogo. Wewe ndiye utakayenionyesha."

Basi nikamwonyesha. Miezi mitatu mikono yetu ilikaa kwenye jiwe moja. Yeye akikata, mimi napapasa: shavu limejaa mno, punguza, hapana, kovu liko juu kidogo, mdomo usiuguse tena, acha hapo hapo. Siku uso ulipokuja nilipiga kelele, "Yesu wangu, ndiye!" Nikaikumbatia ile shingo ya jiwe nikalia. Mdogo wangu naye akalia, maana ndiyo mara yake ya kwanza kumwona mama.

Nikamwomba jambo moja tu. Sanamu iwekwe chini, kando ya njia, mkono wangu uufikie uso. Wenye macho watamwona hata wakiwa ng'ambo ya barabara; mimi nitamwonea wapi? Na si mimi peke yangu. Karibu na bustani palikuwa na fundi viatu ambaye miguu yake haikuwa na nguvu, alitembea kwa mikono akiwa ameivalisha malapa. Ngazi kwake ni ukuta. Mdogo wangu akaenda mjini, akarudi akasema, "Wamekubali. Hakuna ngazi, hakuna uzio."

Habari hiyo nilimpelekea fundi viatu mimi mwenyewe. Alicheka kweli kweli. "Mimi hapa mjini nimezoea kuonana na magoti ya watu," akasema. "Huyo mama akiketi chini, tutaonana uso kwa uso."

Lori la kuipeleka sanamu mjini lilipokaribia kuja, mdogo wangu aliniambia nisiupige msasa uso. Utakwaruzika njiani, alisema, ataumalizia mwenyewe kule kule. Nikaona ni akili ya fundi. Nilipiga msasa mabega, mikono, ndizi moja moja, uso nikamwachia.

Sanamu ilifunuliwa Jumapili, kwa kuwa kwetu Wasabato Jumamosi ni siku ya ibada. Kwaya ilishuka kutoka kanisa la Nyanchwa ikaimba, wakubwa wakahutubia, kila mmoja akisema tazameni, tazameni. Walipomaliza kutazama nikasogea mbele, nikanyoosha mkono. Nikagusa ukuta wa saruji. Nikapandisha mkono, saruji. Nikasimama kwa ncha za vidole, nikapata unyayo wa mama, basi.

"Mama, hakuna kushika," askari wa bustani akasema.

Fundi viatu alikuwa nyuma yangu, chini. "Ngazi saba ndefu, ziko ubavuni, dada," akaniambia taratibu. "Mimi naona mkungu wa ndizi na kidevu."

Nilimshika mdogo wangu mkono nikamuuliza hii nini. Akasema kamati imebadili nia. Jiwe letu ni laini, mikono ya watu italimaliza. Ala! Mikono yangu hii iliyolisugua miezi mitatu, leo ndiyo ya kulimaliza? Lakini nilimwamini, na kamati nikaichamba kila siku ya soko, mbele ya yeyote aliyekuwa na masikio.

Fundi viatu ndiye aliyechoka kunisikiliza. "Askari huenda kunywa chai saa nne," alisema. "Panda. Mimi nitalinda."

Nikavua viatu, nikapanda zile ngazi kwa magoti na mikono. Nikapita mapaja, mkungu, bega nililolilainisha mwenyewe. Nikafika shavuni. Laini. Nikadhani nimekosea upande, nikashika shavu la pili: laini vile vile. Mdomo wa juu ulikuwa umechongwa ukabaki mwembamba, mdomo wa mtu ambaye sijawahi kukutana naye. Nilirudia kupapasa mpaka fundi akapiga mluzi kwamba askari anarudi.

"Ni yeye?" akaniuliza niliposhuka, matumaini nikayasikia kwenye sauti yake.

"Sijui ni nani," nikasema.

Nilimkuta mdogo wangu uani, akinoa patasi. Nikamwambia nimepanda. Akaweka patasi chini. Kisha akasema yote, haraka, kama mtu anayetapika. Mwenyekiti wa kamati alimletea picha ya mama yake yeye mwenyekiti, akamwambia sura ikiwa hii, sanamu nyingine itakayokwenda Nairobi utaichonga wewe. Na jiwe si gumu kupunguza, mdogo wangu akasema, ilimchukua siku mbili tu.

 Hata hivyo nilitaka bado kumtoa lawamani, nimbakishie kitu kimoja. Nikasema, "Basi na huo ukuta wao pia, wametunyima hata..."

"Ukuta niliuomba mimi," akanikata. "Wao walikuwa radhi akae chini. Dada, nilijua ukimshika utajua."