Matairi Niliyoyapaka Mafuta ya Nazi

Eda yangu iliisha siku ya Jumatano. Ijumaa nikatoka Tiwi kupeleka gari la marehemu mume wangu kwa ndugu yake Bakari, Msambweni. Ni gari dogo la michezo, la milango miwili, liko chini hata ukiketi unaona lami karibu na magoti. Marehemu alilinunua kwa mgeni mmoja wa Diani aliyekuwa akirudi kwao, akanifundisha kuliendesha. Katika mirathi lilimwangukia Bakari, na maneno yalikuwa yamekwisha kunifikia kwamba nalikalia. Kwa hiyo nilitaka lifike siku hiyo, watu wakiona.

Miezi minne na siku kumi gari lilisimama uani. Kila Ijumaa nililiosha, na matairi nikayapaka mafuta ya nazi mpaka yakang'aa. Sikuwa na kingine cha kumfanyia marehemu ila dua na hilo.

Saa mbili asubuhi nilishika barabara kuu. Tangu mwanzo usukani ulitetemeka, na chini nikasikia du, du, du. Nilidhani litaacha likipata moto. Halikuacha.

Ukunda nilisimama penye duka la matairi. Fundi Mwangi, mtu wa bara, alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye tairi, akakinusa.

"Mama, hizi umepaka nini?"

"Mafuta ya nazi."

"Aa! Tairi si nywele, mama!" Akacheka. Nilipomwambia gari ni la marehemu, akaleta maji ya sabuni na kitambaa. Ule mng'aro ulipotoka, nyufa zikaonekana ubavuni, nyembamba, nyingi. Nilijaribu ukucha, ukaingia.

"Mafuta yanaharibu mpira," akasema. "Lakini hata bila mafuta, hizi zilikuwa zimezeeka." Akanionyesha tarakimu nne ubavuni: mbili za wiki, mbili za mwaka. Matairi yalikuwa na miaka kumi na mmoja.

"Mbona meno yake yamejaa? Marehemu aliyanunua mapya juzi juzi tu."

"Zilikaa stoo ya mtu. Tairi inazeeka hata ikikaa. Ikipita miaka sita, ikaguliwe kila mwaka. Ikifika kumi, toa, usiangalie meno. Na hapa chini zimelala bapa kwa kusimama, ndiyo maana gari inaruka."

Sijui kama marehemu alijua. Miwani aliyoandikiwa hakuwa akiivaa.

Fundi alinipa njia ya mkato. Angenifungia matairi ya mtumba, membamba kidogo kuliko yanayotakiwa. "Ukienda polepole utafika. Nani atajua?"

"Atakayeliendesha," nikasema.

Akaliinua gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya vyuma, libaki pale. Nilichukua ufunguo, nikapanda pikipiki kwenda kumweleza Bakari.

Kupita Gazi nilikuwa nikipanga maneno. Nilitaka kusema matairi ni mabovu, habari ya mafuta niiache. Nilipanga hivyo mwendo mrefu, na kila nilipoyarudia maneno yale niliona aibu mwenyewe.

Msambweni nilifika kabla ya sala ya Ijumaa. Mikeka ilikuwa imetandikwa na majirani wamekuja kuliona gari. Wifi yangu Mwanakombo, dada yake Bakari, alinitazama nikishuka.

"Wifi, umekuja na ufunguo. Gari umelimeza?"

Sikuketi. Niliwaeleza yote: umri wa matairi, nyufa, na mafuta.

"Mafuta ya nazi?" Bakari akauliza.

"Kila Ijumaa."

"Makubwa!" Mwanakombo akasema. "Eda nzima hukujipaka wewe, ukalipaka gari!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Bakari hakucheka. "Tukishasali, twende nikaone," akasema.

Alasiri tulikuwa Ukunda. Bakari aliyapenda yale ya mtumba kwa kuwa meno yake yalijaa. Fundi hakubishana naye. Alimfungulia mlango, akamsomea kibandiko cha vipimo vya matairi: ya nyuma mapana kuliko ya mbele, herufi ya mwendo, yaani kasi ambayo tairi linahimili, isishuke chini ya iliyoandikwa pale. Akaongeza kwamba yote manne yawe ya aina moja, na yawe yametengenezwa karibuni. Kisha Bakari alitia ukucha kwenye ufa wa tairi nililolipaka, akakaa nao humo.

"Humu ningewapakia watoto mpaka Lunga Lunga," akasema taratibu. Akaagiza mapya kutoka Mombasa.

Jioni alinisindikiza mpaka nipate usafiri wa Tiwi. Safari ile imenifunza kusoma ubavu wa tairi kabla ya kutazama meno yake. Imenifunza pia kwamba unaweza kukiharibu kitu huku unakitunza kwa mapenzi, kwa kuwa hukuuliza. Hilo la pili bado linaniuma. Nilikuwa nalifikiria hilo Bakari aliposema, bila kunitazama:

"Shemeji, matairi yakifika, gari ulilete wewe. Mimi gia za mkono sijui."

"Hujui kabisa?"

"Nimezoea yanayojibadilisha yenyewe. Njoo unifundishe. Lakini watu wasijue, hasa Mwanakombo."

"Nitakuja," nikamwambia. "Wala sitakutangaza. Lakini akiniuliza, Bakari, nitamjibu."