Hatua Nne za Efraimu

Watu wa Ihanda mpaka leo hawajafunga midomo. Efraimu? Huyu huyu mzee wa kanisa, ambaye kuku wa jirani akitagia kwake hurudisha hata yai?

Ndiye. Jumapili moja, jirani yake Osea akiwa Nakonde kwa binti yake akitibiwa, Efraimu alisingizia tumbo asiende ibadani. Wenzake wakiimba kanisani, yeye aling'oa mikonge mitatu ya mpakani, akaipanda hatua nne ndani ya shamba la Osea. Kwenye kipande kile akaotesha miche ya kahawa. Alipomaliza aliitazama mikono yake, asiamini kwamba ni yake.

Osea alirudi amekonda, anategemea fimbo. Alisimama mpakani kitambo, kisha akasema, "Mdogo wangu, naona shamba langu nalo limekonda."

Efraimu alicheka. Mungu wangu, alicheka! Osea naye akacheka, akaenda zake. Hakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, hakuita wazee. Heri angemtukana.

Tangu siku ile Efraimu hakuwa mtu tena. Kila asubuhi, kabla hata ya uji, alikwenda kupima: moja, mbili, tatu, nne. Kanisani, mahubiri yakiendelea, miguu yake ilihesabu chini ya benchi, mpaka mkewe Fides akamuuliza kama ana funza. Mara tano alipiga hodi kwa Osea ili aseme. Mara tano aliishia kuazima jembe, na majembe kwake yamejaa. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mwezi wa sita Osea akafariki. Efraimu aliposikia, nisiwafiche, moyo wake ulipata nafuu. Papo hapo akashtuka kwa nafuu ile, akajiona mnyama.

Siku ya mazishi, vijana wenye majembe walikuwa wakisubiri kuonyeshwa mahali pa kuchimba. Jenista, yule binti wa Nakonde, akasimama mbele ya waombolezaji.

"Baba ameagiza azikwe shambani kwake, mwisho kabisa, mpakani. Na wa kutuonyesha mpaka ni wewe, baba mdogo. Alisema hakuna anayeujua kukuzidi."

Efraimu alitoka katikati ya waombolezaji. Alitembea hadi kwenye mikonge, vijana nyuma yake, nao wakaanza kukunja mikono ya mashati. Angesimama pale tu, yangekwisha. Mwenye shamba yumo jenezani, nani angemuuliza? Lakini miguu ilikataa kusimama. Ilipita mikonge, ikaingia kwenye kahawa. Moja, mbili, tatu, nne.

"Hapa," akasema.

"Efraimu, huko si kwako?" mwenyekiti akauliza.

"Si kwangu. Mikonge niliihamisha mimi. Kwa mikono yangu hii."

Fides alishika kichwa kwa mikono miwili, akakaa chini palepale alipokuwa. Vijana walitazamana, majembe mabegani, hawajui waanze au waondoke.

Jenista alisogea karibu naye.

"Baba alisema utafika hapo," akasema. "Mimi nilimbishia."

Efraimu alipiga magoti, akaanza kung'oa miche yake ya kahawa, mmoja mmoja, ili vijana wapate mahali pa kuchimba.