Mteja wa Nusu Wali

Mimi naosha vyombo kwenye mgahawa mdogo wenye dirisha moja la jikoni. Sahani hupita hapo zikienda zimejaa na kurudi zilivyorudi, na anayezibeba ni mhudumu mmoja tu, Baba Sinia. Jina lake halisi wanalijua kwao. Hapa ni Baba Sinia, kwa sababu sinia halimtoki mkononi, hata akienda uani kupokea simu ya mkewe.

Baba Sinia hajui jina la mteja yeyote. Anawaita kwa wanachokula. Kuna Supu Moto, mwalimu mstaafu ambaye lazima airudishe supu ipashwe tena. Kuna Mayai Mawili, fundi viatu wa jirani. Kuna mama mmoja wa benki, Maharage Pembeni, asiyetaka maharage yaguse wali.

"Mtu anayetenga maharage na wali," aliniambia Baba Sinia, "huyo hata nguo anafua moja moja."

Maoni yake huyatoa akisubiri sahani, hajakuuliza kama unayataka. Chai iliyotiwa sukari na mtu mwingine si yako, ni yake, wewe umesaidiwa kuinywa tu. Anayepuliza chakula kilichopoa ana jambo nyumbani. Nilipomweleza kwamba mwanangu anatema uji, alisema, "Usimlazimishe, Mama Mtoto. Ameonja, ameamua. Watu wazima wangapi wanaweza hivyo?" Jioni nikauonja ule uji. Mtoto hakuwa na kosa.

Kuna oni moja tu analolisema kwa kunong'ona, nalo ni la wali. Wali wa kwetu hutoka rojorojo. Ukigeuza sahani, wali unateremka wote kama uji, wewe unabaki umeshikilia sahani yako. Lakini mpishi ni wifi wa mwenye mgahawa, kwa hiyo wali ni mzuri. Baba Sinia anakuja na wa nyumbani, ndani ya hotipoti ya kijani, anaula akiwa amekalia ndoo nyuma ya friji. Mpishi ameambiwa kwamba Baba Sinia ana vidonda vya tumbo. Kila siku humpa pole.

Jumatatu moja aliisahau ile hotipoti, na binti yake akamletea. Ni msichana mrefu, mshonaji, anaongea taratibu kama anayepima kitambaa. Alisimama penye dirisha langu.

"Baba, Jumapili nataka kuja na mtu nyumbani."

Baba Sinia alikuwa anafuta sinia. Akaendelea kulifuta.

"Mtu gani?"

"Wa kunioa."

"Anakula nini?"

Binti akanitazama mimi. Habari ya yule mchumba wake wa kwanza tunaijua wote. Alikaribishwa nyumbani, akapewa ndizi mbivu, akaomba kisu cha kuikatia. Baba Sinia akasema mtu wa kukata ndizi vipande atamkata mwanawe maneno. Yule kijana sasa ana mke na mapacha, na inasemekana ndizi anazikata bado.

"Anakula hapa hapa, kila mchana," akasema binti. "Unamhudumia mwenyewe."

"Yupi?"

"Si unajisifu unawajua watu kwa sahani zao? Haya, mtafute. Ila nakuambia mapema, baba. Huyu naye ukimkataa kwa ndizi, nitaondoka naye, na ndizi zake, na kwako sitarudi."

Hakupandisha sauti. Aliweka hotipoti dirishani, akaufuta mfuniko kwa kiganja, akaenda.

Alipokuwa anatoka alipita meza ya pembeni. Kijana aliyekaa pale alikuwa ameshika kijiko hewani, wali unadondoka. Binti hakumtazama. Alijizuia kumtazama kwa nguvu kiasi kwamba nusura agonge mlango. Hapo nikajua ni yeye, na kijana mwenyewe alikuwa Nusu Wali.

Nusu Wali ni fundi wa mafriji. Anaingia, anamsalimia Baba Sinia kwa mikono miwili, anaagiza nusu ya wali, na hiyo nusu anaibakiza nusu. Katika wateja wote, huyo ndiye ambaye Baba Sinia hawezi kummeza.

Nikarudi kwenye vyombo vyangu. Nina mtoto mdogo, nimezoea kutomwamsha aliyelala.

Wiki ile kila kijana aliyeingia alihudumiwa kama mkwe. Mayai Mawili alipewa yai la tatu.

"Nimemchunguza," Baba Sinia akaniambia. "Anafuta meza mwenyewe. Atakuwa yeye."

"Ana pete, Baba."

"Ya ndoa?"

"Na mkewe huja naye Ijumaa. Unamwita Chai Kavu."

Akafikiri. "Basi awe yeyote, ila si Nusu Wali. Yule ni mtu wa nusu. Atapenda nusu, atalea nusu, akijenga ataishia madirishani."

Jumamosi ikafika, na kesho yake ndiyo Jumapili. Baba Sinia hakuwa na maoni tangu asubuhi. Supu Moto alirudisha supu, naye akaipokea tu. Nilimwona anaitazama ile hotipoti bila kuifungua. Nikamfikiria yule binti alivyoufuta mfuniko, nikamfikiria mwanangu, nitakavyokuja kukaa siku moja nikichagua kati yake na ndizi.

"Baba," nikasema, "yule wa nusu wali, umewahi kumuuliza kwa nini?"

Akachukua sinia, likiwa tupu, akaenda meza ya Nusu Wali. Meza ile iko karibu na dirisha langu, niliwasikia.

"Kijana, wewe unaumwa?"

"Hapana, Mzee."

"Umefunga?"

"Hapana."

"Sasa mtu mzima, fundi, unabeba mafriji, unakula wali wa mtoto. Na huo humalizi."

Kijana akatazama jikoni, akashusha sauti. "Mzee, nisikudanganye. Wali wa hapa siuwezi."

"Huuwezi."

"Unanishinda. Nimejaribu na maharage, nimejaribu na mchuzi."

"Na kila mchana unakuja."

"Nakuja unizoee."

Baba Sinia alisimama pale na sinia lake kifuani. Mpishi akaita kwamba supu iko tayari. Baba Sinia akaiacha supu. Akaja, akachukua hotipoti yake na sahani safi mkononi mwangu, akarudi, akakaa. Sijapata kumwona amekaa na mteja. Sinia aliliweka sakafuni. Akapakua wali wa mkewe, mweupe, punje na punje yake, akaijaza sahani, akaisogeza.

"Kula."

Kijana akala. Alikula kama mtu aliyekuwa safarini tangu mvua zianze. Alipomaliza akauliza, kwa adabu, kama umebaki. Ukawa umebaki. Nao akaumaliza.

"Yule naye vidonda vya tumbo?" mpishi akaniuliza.

"Naona vimempata," nikasema.

Baba Sinia akapitisha sahani dirishani, akasubiri niitazame. Haikuwa na punje.

"Mtu anayekula kitu kibaya kila siku bila kulalamika," akasema polepole, "huyo ndoa ataiweza."

Sikuelewa ilikuwa sifa ya kijana au ya mkewe Baba Sinia, aliyemvumilia miaka yote hiyo. Akaokota sinia, akatoka uani kupiga simu. Nilimsikia akimwambia mkewe kesho aongeze mchele, na ndizi asiweke mezani.