Zamu ya Nyumba Yetu kwa Wamawe

Niliondoka Kasoli kwa sababu ya barua ya mistari mitatu. Kaka yangu Masanja aliandika kwamba amesubiri miaka mitatu na sasa zamu yake ya kuingia uwanjani imefika, kwamba tusiwe na wasiwasi, na kwamba nimsalimie Mama. Mama hajui kusoma, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea. Nilipofika kwenye neno "uwanjani" aliacha kuchambua pamba, akabaki na tonge jeupe mkononi kama mtu aliyesahau alikuwa anakula nini.

Naeleza kidogo kwa ajili ya atakayesoma daftari hili baadaye. Serikali ilipofungua biashara na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuja kununua pamba, hawakuja watu wa Mwanza na Dar peke yao. Walikuja pia Wajuu, wale wanaotoka nyuma ya nyota, wakapewa kibali kama mnunuzi mwingine yeyote. Wengi wao ni Wamawe. Ngozi yao ni kama jabali, na Mmawe akisimama mlangoni mwa ghala kichwa kinagusa bati. Wapo pia Wepesi, wembamba kama mabua ya mtama, ambao huruka juu ya nyumba bila hata kukunja magoti. Wote hawa huishi kwa mapigano. Heshima, ndoa, hata nani anunue pamba ya kijiji gani, huamuliwa uwanjani. Silaha yao ni pumzi. Mmawe huivuta polepole mpaka ikajaa, kisha huituma kwenye kiganja, na kiganja hicho hupasua jiwe. Sisi binadamu, wanasema kwa huruma kabisa, pumzi yetu haitoshi kuzima kibatari.

Hata hivyo hawatukatazi kujifunza. Wana shule ng'ambo ya Lalago, na kila nyumba ya binadamu yenye mtoto pale, akishatimiza miaka mitatu ya kujifunza, hupewa zamu moja kwa mwaka ya kuingia uwanjani. Zamu ni ya nyumba, si ya mtu. Kabla ya Masanja walikwisha kuingia vijana wawili wa upande wetu. Mmoja siku hizi anatembea kwa kujivuta kwa mikono. Mwingine alirudi amefungwa ndani ya mkeka.

"Nenda wewe," Mama aliniambia. "Mimi akiniona nitalia, na nikilia ataona aibu mbele ya wenzake, hatarudi. Wewe huongei. Umkalie tu hivyo hivyo kimya mpaka achoke."

Ni kweli siongei. Nipo kidato cha tatu na sijawahi kunyoosha mkono darasani, hata pale ninapojua jibu.

Alfajiri ya siku ya pili ya likizo nilipanda lori la pamba kwenda Bariadi, nikiwa na mfuko wa michembe, vile viazi vikavu ambavyo Masanja hula kama karanga. Nilikaa juu ya marobota. Upepo ulikuwa wa baridi na vumbi, mashamba yalikuwa yameshachumwa, yamebaki miti mikavu tu. Hakuna aliyenisemesha, nami sikumsemesha mtu.

Bariadi tulifika jua likiwa limesimama. Nilikwenda kwa Mama Zuhura, mwenye duka la mitumba, ambaye huwa anapokea watu wa kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiyo Kabula huyu? Mbona umebaki kijiti? Huko kwenu wanakula au wanaangalia chakula?"

Alinipa wali na maharage, tukakaa kibarazani kutazama ghala la jirani. Mmawe mmoja alikuwa anapakia pamba peke yake, robota kila kiganja, anayaweka ndani ya lori taratibu kama mtu anayelaza watoto. Ukutani walikaa wapagazi waliokuwa wakiifanya kazi hiyo zamani. Walikuwa wanacheza bao bila kelele, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa wacheza bao.

"Akikohoa yule, bati langu linaruka," alisema Mama Zuhura. "Nilimwambia akatae mafua. Akaniambia, 'Ahsante, ombi limepokelewa.' Kiswahili chenyewe wamejifunzia redioni, wanaongea kama wanasoma taarifa ya habari." Kisha akaacha kucheka. "Mwambie kaka yako, anayepigana na ukuta, hata akishinda ameumia mkono."

Nilisema nitamwambia. Nilijua sitamwambia.

Kesho yake asubuhi nilipata lori jingine la kwenda Lalago kupitia Maswa. Nyuma tulikuwa abiria tisa na Mmawe mmoja aliyekaa katikati ili gari lisilale upande. Alikuwa amefunga macho anavuta pumzi, na kila alipovuta tulihisi kanga zetu zinamwelekea.

Kabla ya Lalago tulizama kwenye mchanga wa mto mkavu. Wanaume walianza kushuka, kama inavyokuwa siku zote. Mmawe akafungua macho.

"Msishuke, ndugu abiria. Mtajichosha."

Akashuka yeye, akaingiza mikono chini ya bodi, akatubeba. Gari zima, na sisi juu yake, dereva bado ameshika usukani hewani. Tulivuka mto tukiwa tumenyamaza kama watoto mgongoni. Mzee mmoja tu alikuwa ameshashuka. Alitembea pembeni ameweka kiganja kwenye bodi kana kwamba anasukuma, akavuka hivyo mpaka ng'ambo, akapanda tena na kujifuta jasho.

"Tumelitoa," alisema.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitamani kulia, na sijui kwa nini hasa.

Alasiri nilifika shuleni kwao. Ni uwanda mtupu, wameuzungushia mawe makubwa ambayo hakuna binadamu angeweza kuyasogeza, na katikati kuna uwanja wa duara uliokanyagwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Wanafunzi wa kibinadamu hukaa kwenye vibanda vya pembeni. Masanja alikuwa anachota maji. Aliponiona alimwaga ndoo.

"Kabula! Umekuja na nani? Mwenyewe? Wewe?"

Alifurahi, naandika hilo kwa sababu ni la kweli. Alikuwa amekonda, viganja vimekuwa vigumu kama kwato, na kidole kimoja kimepinda. Tulikula ugali na maziwa ya mgando, kisha michembe, naye akawa anauliza ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Halafu akanitazama.

"Umekuja kunichukua."

Nilimsogezea mfuko wa michembe.

"Haya, nyamaza. Najua Mama ndiye kakufundisha." Akacheka, lakini kidogo. "Sikiliza. Ni keshokutwa. Nikisimama pumzi tatu za Mmawe bila kuanguka, wataniita Masanja. Unajua wanatuitaje sasa? 'Mwanadamu.' Mwanadamu leta maji. Mwanadamu pisha. Tupo kumi na wawili hapa, akiita mmoja tunageuka wote. Miaka mitatu, Kabula, sijasikia jina langu isipokuwa nikijiita mwenyewe."

"Na yule aliyerudi kwenye mkeka?" niliuliza. Ndilo swali pekee nililokuwa nalo.

"Yule hakuwa na pumzi. Mimi ninayo."

Nilimtazama kifua. Kilikuwa kifua cha kaka yangu, mbavu zinahesabika.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa uwanjani, Masanja ananionyesha pale atakaposimama, alipokuja Mkuu wa shule. Ni Mmawe wa kike, mzee sana, mwenye kuvu ya rangi ya chungwa mabegani kama ile ya kwenye majabali yetu. Wanafunzi wote wakasimama wima. Mimi niliona bibi mzee anakuja. Kwetu msichana hamsalimii mzee akiwa amesimama. Magoti huenda chini yenyewe kabla hujafikiri. Yakaenda.

"Mwangaluka, mayu," nilisema kwa Kisukuma, salamu yetu ya asubuhi kwa mama, nikiwa nimepiga goti kwenye udongo wa uwanja.

Vichwa vyote vikageuka. Hata Mwepesi mmoja aliyekuwa hewani alitua na kutulia. Niliinua macho nikaona uso wa Masanja, ndipo nikajua nimefanya jambo baya.

Baadaye nilielezwa yote, lakini pale pale Masanja alininong'oneza ya kutosha. Kwa Wamawe kusimama wima ndiyo salamu. Kupiga goti uwanjani mbele ya mtu ni kumwita mpigane, maana wao hugusa ardhi kwanza kuchukua pumzi kabla ya kupiga.

Mkuu aliinama mpaka kivuli chake kikanifunika.

"Mwanadamu mdogo," alisema kwa sauti ile ya redio, "je, umesalimia, au umeita? Tunaomba jibu."

"Ni salamu, Mkuu!" Masanja alipaza sauti. "Ni salamu ya kwetu! Kabula, sema ni salamu!"

"Wewe hujaulizwa."

Nilikuwa bado nimepiga goti. Sikuwa jasiri, nisidanganye. Lakini nilikumbuka kwamba zamu ni ya nyumba, si ya mtu, na kwamba ni moja kwa mwaka. Nilimwangalia kaka yangu. Naye akaona ninachofikiri, kwa sababu amenijua tangu nizaliwe, akaanza kutikisa kichwa taratibu.

"Kabula. Usifanye hivyo. Nakuomba, dada'angu."

"Nimeita," nilisema. "Zamu ya nyumba yetu naichukua mimi."

Adhuhuri ya siku ile ile nilisimama kwenye duara. Sina la kusimulia kama mapigano. Mkuu alinyoosha kiganja, akakisimamisha shubiri moja mbele ya kifua changu bila kunigusa, akaachia pumzi kidogo, kama mtu anayepuliza uji wa mtoto. Niliona anga, kisha miguu yangu, kisha anga tena. Nilisikia mfupa wa bega ukilia kama kijiti. Nusu ya pumzi moja sikuifikisha.

Nilipozinduka Mkuu alikuwa amesimama juu yangu.

"Aliyeita huku akijua ataanguka, huyo tunamwita kwa jina," alitangaza, na uwanja mzima ukasikia. "Kabula. Inuka."

Wote wakarudia, Wamawe na Wepesi: Kabula. Nikamtafuta Masanja. Alikuwa amesimama nyuma ya wanafunzi wenzake, anatazama chini.

Jioni alinifunga mkono kwa kipande cha kanga, vizuri, kwa upole, kama mtu aliyekwisha kufunga mifupa mingi. Alimaliza fundo ndipo akasema.

"Maisha yako yote huongei. Ukapata siku moja ya kuongea, ukaitumia kwa hilo."

Nilimwomba turudi wote. Alisema atasubiri zamu ya mwaka ujao. Nilimwomba msamaha, akatoka kuchota maji. Nilisikia sauti huko nje ikisema, "Mwanadamu, pisha," na nyayo zake zikisimama.

Asubuhi hakunisindikiza. Mmawe wa getini alisema, "Safari njema, Kabula," na kila niliyepita aliniita hivyo hivyo, mpaka nikaanza kutembea haraka ili nisilisikie tena.

Njia ya kurudi sikumbuki mengi. Mto wa mchanga tulivuka vizuri. Bariadi Mama Zuhura aliona mkono wangu akataka kucheka, kisha akanitazama usoni akaacha, akanipa chai ya maziwa na kunifungulia chumba. Kutoka Bariadi hadi Kasoli nililala juu ya mifuko mitupu.

Mama alinikuta barazani. Nilimweleza kwamba Masanja hataingia uwanjani mwaka huu, na kuhusu mkono nikasema tu kwamba nilianguka. Alikaa chini, akashukuru Mungu, akamshukuru na marehemu Baba, akaniambia kwamba nimefanya kazi ya mtu mzima. Alichinja kuku. Majirani wakaja. Akaniuliza kaka yangu amesemaje, na mimi nikasema amewasalimu wote.

Niliondoka nikiamini kwamba mtu mnyonge hana uwezo wa kumnyang'anya mtu kitu kikubwa, kwamba hayo ni ya Wamawe. Sasa najua si hivyo. Miaka mitatu ya mtu niliichukua nikiwa nimepiga goti, kwa maneno machache, na ningeulizwa tena leo ningejibu vile vile. Hilo ndilo linalonikosesha raha, maana nikimwandikia kumwomba radhi nitakuwa namdanganya. Barua nimeianza mara nne.

Masanja yu hai, na hataki kuniona. Yote mawili nimeyafanya mimi.